Joto na Njia Yake: Historia Fupi ya Kadi za Vichakataji na Majina Yake

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe istilahi zake, miongozo ya matengenezo ya kompyuta hutupa kazi kubwa kuliko wingi wa kurasa zake. Barua ya ofisi ikikosewa neno, msomaji hukisia. Mkataba ukikosewa, wanasheria huutafuna hadi maana ikapatikana. Lakini mwongozo wa fundi ukikosewa neno moja, mtu hufungua mashine, hutazama mahali pasipohusika, huifunika tena, na kuondoka akiamini kwamba ametenda kama alivyoagizwa. Mwongozo mmoja wa namna hiyo, uliohusu kompyuta za mezani za zamani zenye kadi za vichakataji, ulikuwa na sentensi hii: "Iwapo mashine itazimika yenyewe, hakikisha kwamba kipoozaji kinafanya kazi." Kisarufi sentensi hiyo haina ila. Mtumishi atakayeitii atatazama feni, ataiona inazunguka, na ataandika katika daftari lake kwamba kipoozaji ni kizima. Baada ya dakika kumi mashine itazimika tena.

Kosa hilo haliponi kwa kubadilisha neno moja kwa jingine tu. Chimbuko lake ni kwamba istilahi zetu za sehemu hii ya mashine ziliundwa kwa kutazama umbo la vitu na si kazi yake, na kazi hiyo haieleweki vema pasipo kufuatia jinsi kadi hizo zilivyozaliwa na kwa nini ziliachwa. Ndiyo sababu twaonelea yafaa kuanza na historia.

Tuanze na kichakataji chenyewe. Mafundi wengi husema prosesa, na hatuoni sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa neno hilo limekwisha kukaa midomoni mwao. Hata hivyo kichakataji lina faida yake. Kuchakata ni kitenzi cha zamani, na wenyeji wa Tanga walikijua katika mashamba ya mkonge kabla ya mtu yeyote kuwaza kompyuta: jani huingia katika mtambo, hupondwa na kukwaruzwa, katani hutoka upande mmoja, na makapi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jani, huchukuliwa na maji. Mtambo ambao makapi yake hayaondolewi husimama hata kama visu vyake ni vikali. Kichakataji cha kompyuta nacho kina makapi yake, nayo ni joto. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Hesabu anayoifanya haina uzito wala haichukui nishati ya kuondoka nayo. Mfasiri akilishika jambo hili moja, nusu ya miongozo itamfungukia.

Hapo mwanzo makapi hayo yalikuwa machache. Vichakataji vya Intel vya aina ya 486, vilivyotokea mwaka 1989, vingi vyake vilifanya kazi wazi juu ya ubao mama pasipo feni. Mambo yalibadilika Machi 1993 zilipotoka Pentium za kwanza, za megahezi 60 na 66. Hizo zilitumia volti 5, na ile ya megahezi 66 iliweza kufikia wati 16. Wati 16 si nyingi kwa pasi wala kwa jiko, lakini ni nyingi kwa kipande cha silikoni kinachoweza kulala juu ya ukucha. Wahandisi walilitatua jambo hilo mwaka uliofuata kwa kushusha volti hadi 3.3, kwani joto la kichakataji huongezeka kwa kadiri ya mwendo wake, lakini kwa volti huongezeka kwa kadiri ya mraba wake. Tangu wakati huo historia ya vichakataji imekuwa ni kupanda mwendo na kushusha volti, kila kimoja kikimfukuza mwenzake.

Kadi ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa, isiyohusu joto. Kichakataji huhitaji kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu naye, ili asisubiri kumbukumbu kuu iliyo mbali. Katika Pentium Pro ya Novemba 1995, kumbukumbu hiyo ilifungwa pamoja na kichakataji katika kifuko kimoja cha kauri. Ilikwenda vizuri ila kwa gharama kubwa: kasoro ikionekana katika kipande kimoja baada ya kufungwa, vyote viwili vilitupwa. Basi mwezi Mei 1997, katika Pentium II, Intel ilikitoa kichakataji katika soketi yake na kukiweka juu ya kadi ndogo pamoja na vipande vya kumbukumbu pembeni yake, vyote ndani ya kasha la plastiki jeusi. Kadi hiyo ilisimama wima katika mwanya wenye migusano 242. AMD nayo ilifuata njia hiyo kwa Athlon ya mwaka 1999. Kwa upande wa Apple, kadi zilikuwapo kabla ya hapo: Power Macintosh 7500 ya mwaka 1995 ilikuwa na kichakataji cha PowerPC 601 juu ya kadi inayong'oka, nayo iliruhusu mwenye mashine kupachika kadi yenye mwendo zaidi bila kununua mashine mpya.

Neno kadi limetulia, nasi hatupendekezi kulibadili. Kweli, kwa raia wa kawaida kadi ni ya harusi, ya kliniki au ya chama. Lakini muktadha hulinda. Taabu iko kwa vile vinavyoizunguka.

Tazama kadi ya Pentium II ya megahezi 300. Volti zake zilikuwa 2.8, na joto lake liliweza kufikia wati 43, yaani kama balbu ya kawaida ya zama zile, lakini limebanwa katika eneo la sentimita mbili za mraba. Joto hilo hutoka katika silikoni, hupita katika bamba la chuma lililo ubavuni mwa kasha, hupita katika tabaka jembamba la grisi, huingia katika kipande kikubwa cha alumini chenye mapezi mengi, na kutoka katika mapezi huingia hewani. Feni huisukuma hewa hiyo, na feni nyingine ya nyuma huitoa nje ya sanduku la mashine. Hizo ni hatua tano au sita. Ikikatika mojawapo, joto hurundikana nyuma ya mahali palipokatika, kama maji nyuma ya mtaro ulioziba. Neno kipoozaji hutaja kundi zima hilo kana kwamba ni kitu kimoja kinachotoa ubaridi.

Hapa tuna manung'uniko mawili, dogo na kubwa. Dogo ni la tahajia. Kufanya kitu kiwe baridi ni kupoza, kutokana na poa. Kupooza, kwa maana ijulikanayo zaidi, ni kukosa nguvu za viungo. Kwa hiyo anayeandika kipoozaji kwa irabu mbili, msomaji aweza kumwelewa kwamba anataja kitu kinacholemaza. Yafaa iandikwe kipozaji, kama neno hilo litatumika.

Manung'uniko makubwa ni ya maana. Jokofu hupoza, na kiyoyozi hupoza, kwa kuwa vyote viwili huweza kushusha halijoto chini ya ile ya mazingira. Kipande cha alumini na feni haviwezi hata siku moja kukifanya kichakataji kiwe baridi kuliko hewa ya chumba. Jambo hili si la falsafa. Miongozo mingi iliandikwa kwa ajili ya vyumba vya nyuzi 22 au 25 za Selisiasi. Chumba cha ofisi Dar es Salaam mwezi Februari, madirisha yakiwa wazi na umeme wa kiyoyozi ukiwa umekatika, chaweza kupita nyuzi 32; na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka karibu vilevile katika kichakataji. Mtumishi aliyeambiwa kwamba mashine yake ina kipozaji ataona hakuna haja ya kukijali chumba. Aliyeambiwa kwamba ina kitawanya joto atajiuliza joto hilo latawanywa kwenda wapi. Ndiyo maana sisi tunapendekeza kitawanya joto kwa kile kipande cha alumini au shaba chenye mapezi. Waingereza wenyewe hukiita kwa neno la beseni la kumwagia maji machafu, na tumewahi kuletewa tafsiri iliyosema karo la joto. Pwani huenda ikaeleweka kwa tabu; Kenya, ambako karo ni ada ya shule pia, hatuthubutu kuwaza wanafunzi wangeelewa nini.

Grisi nayo imedharauliwa mno katika tafsiri. Tumeiona ikiitwa gundi, jambo ambalo ni hatari, kwani gundi hushikamanisha na msomaji ataipaka kwa wingi ili ishike. Kazi yake ni nyingine. Uso wa chuma unaoonekana laini kwa macho una mabonde madogo sana, na mabonde hayo hujaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno. Alumini hulipitisha mara maelfu kadhaa zaidi, na shaba kama mara mbili ya alumini. Grisi hujaza mabonde hayo na kuifukuza hewa, basi. Yenyewe si mpitishaji hodari kama chuma. Ikipakwa nene inakuwa kizuizi kipya. Na ikipita miaka kadhaa katika joto, hukauka na kupasuka, hewa ikarudi. Katika kadi za miaka ya 1990 zilizokuja huku zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kawaida: feni inazunguka, mapezi ni safi, bali kitawanya joto ukikigusa ni cha uvuguvugu tu wakati kichakataji kinaungua. Fundi mzoefu huufahamu uvuguvugu huo. Kitawanya joto kilicho baridi juu ya kichakataji kilicho moto ni dalili kwamba joto halijafika, na mwongozo unaosema tu "hakikisha kipozaji si cha moto" humpotosha msomaji kabisa, maana humwambia kinyume cha ukweli.

Inafaa hapa kukumbusha jinsi mashine hizo zilivyotufikia. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo ya mashine zilizotumiwa kwa hesabu za Serikali. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Watu wengi basi walizikuta kompyuta za mezani moja kwa moja katika miaka ya 1990, mikono yao ikajifunza kabla ya vitabu. Msamiati wa karakana ulizaliwa kutokana na gari. Wakasema mashine inachemsha. Neno ni tamu na lina mantiki yake, kwa kuwa gari lenye rejeta iliyoziba huchemsha maji kweli. Isitoshe, mitaani aliyechemsha ni aliyeshindwa. Lakini ndani ya kadi ya kichakataji hakuna maji ya kuchemka, na anayesema inachemsha huelekea kudhani kwamba mashine inazalisha joto jingi kupita kawaida. Historia yatwambia vingine. Isipokuwa pale mtu alipoongeza volti au mwendo kwa makusudi, kichakataji cha zamani huzalisha joto lilelile kililozalisha siku kilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni njia ya kutokea. Kwa sababu hiyo katika maandishi rasmi twapendelea kuzidiwa na joto, na inachemsha tuwaachie mafundi, ambao hawataomba ruhusa yetu.

Dalili nazo zinahitaji maneno yaliyo mbalimbali. Septemba 2001 chapisho la Tom's Hardware lilionyesha jaribio lililosumbua wengi: vitawanya joto viling'olewa wakati mashine zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo wake ikaendelea polepole. Pentium III iliganda, ila haikudhurika. Athlon mbili ziliungua kwa muda mfupi sana, halijoto ikapita nyuzi 300. Matokeo matatu kwa sababu moja. Mfasiri anayeandika kwa zote "mashine itaharibika" amemnyima fundi habari aliyoihitaji kuliko zote. Tumetumia kupunguza mwendo, kuganda, kujizima na kuungua, na twaomba zisichanganywe. Kuganda lina udhia wake, kwani samli huganda kwa baridi, na kusema mashine imeganda kwa joto huchekesha darasa. Hata hivyo limeenea, na mwalimu atamaliza kicheko hicho katika dakika moja.

Kadi zenyewe hazikudumu. Pindi viwanda vilipoweza kuitia ile kumbukumbu ya haraka ndani ya silikoni ileile, sababu ya kuwa na kadi ilitoweka. Mwaka 1999 Celeron zilianza kurudi katika soketi, mwezi Oktoba mwaka huo Pentium III mpya zikatoka kwa namna zote mbili, na Juni 2000 Athlon nazo zikahamia katika soketi. Nani asiyekumbuka, kati ya waliozifungua, jinsi kitawanya joto kizito kilivyoning'inia kwenye kadi na kuivuta taratibu kutoka katika mwanya wake? Hitilafu nyingine zilizodhaniwa kuwa za joto zilikuwa za migusano tu: kadi imelegea au ina kutu nyepesi, na dawa yake ni kuing'oa, kuifuta na kuipachika upya. Kupachika upya ni maneno bora kuliko kufunga upya, maana hakuna cha kufungwa.

Apple ilibaki na kadi kwa muda mrefu zaidi, na kwake joto lilipata sauti. Power Mac G4 ya Agosti 2002 ilibeba vichakataji viwili juu ya kadi moja, chini ya kitawanya joto kimoja kikubwa, na feni zake zilivuma kiasi kwamba wenye mashine waliifananisha na mahandaki ya upepo yanayojaribiwa ndege. Mwanzoni mwa 2003 kampuni iliweka mpango wa kuwabadilishia wateja feni na ugavi wa umeme. Kwa fundi, kadi yenye vichakataji viwili ilileta somo jipya: skrubu za kitawanya joto zikikazwa upande mmoja kabla ya mwingine, kichakataji kimoja hugusana vema na cha pili hubaki na mwanya wa hewa, au pembe ya silikoni hukatika. Mwongozo wake ulipaswa kusema zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana pembe. Kiswahili kina neno kwa jambo hilo, kukaza kwa mkingamo, kama wafanyavyo mafundi wa magurudumu. Hapana haja ya kuunda jingine.

Kisha katika Juni 2004 ikatoka Power Mac G5 ya gigahezi 2.5 iliyopozwa kwa umajimaji unaozungushwa kwa pampu, nayo ikawa na rejeta ya kweli. Baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja baada ya miaka. Mafundi wetu waliokuwa wakisema inachemsha walipata, kwa mashine moja angalau, haki yao.

Sasa turudi kwa mtumishi wetu na mashine yake inayozimika. Mwongozo uliofasiriwa vema ungempeleka kwa kufuata njia ya joto kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu za nje ni rahisi na hazivunji kitu. Kwanza chumba na matundu ya sanduku: je, mashine imesukumwa ukutani, au imefunikwa kitambaa? Kisha feni, si kama inazunguka tu, bali kama inazunguka kwa nguvu. Mafuta ya ekseli yake hukauka, nayo hujivuta. Kisha vumbi, na hapa neno moja la tahadhari: vumbi hujifuma kama blanketi kati ya feni na mapezi, mahali ambapo feni yenyewe hulificha, hivyo lazima feni ing'olewe ili lionekane. Baada ya hapo ndipo grisi na ukazaji wa kitawanya joto. Mwisho kadi yenyewe: ikipachikwa katika mashine nyingine ya aina ileile, kasoro huhama nayo au hubaki. Ikihama, kadi ni mbovu. Ikibaki, tazama ugavi wa umeme na mzunguko wa hewa. Katika mpangilio huu neno kipozaji halikuhitajika hata mara moja.

Wapo watakaouliza kwa nini tujishughulishe na mashine zilizokwisha kupitwa. Jibu ni kwamba kadi ya kichakataji imerudi kwa mlango mwingine. Kadi za picha zinazotumika leo katika kompyuta za mezani ni kichakataji juu ya kadi, chenye kumbukumbu pembeni, grisi, kitawanya joto na feni. Ile ya GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022 imekadiriwa wati 450, zaidi ya mara kumi ya Pentium II tuliyoitaja. Miongozo yake imeanza kuletwa. Katika mmoja uliotufikia, sura ya matengenezo inafungua kwa kumtaka msomaji ahakikishe kwamba kipoozaji, kwa irabu mbili, kinafanya kazi.

Kwa rasimu ya orodha itakayojadiliwa, tumeweka kitawanya joto, grisi ya joto, bamba la joto, mwanya wa kadi, kupachika upya, kupunguza mwendo na kuzidiwa na joto. Kwa yale mapezi ya alumini bado tunasitasita: samaki anayo mapezi, nalo ni neno zuri, lakini baadhi ya mafundi husema meno, kama ya chanuo, na chanuo ndicho kifaa chenyewe kinavyofanana nacho. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaosikia neno lolote kati ya hayo mawili likitumika, au jingine tusilolijua, watatusaidia kwa kutuandikia.